Tezi Alizozikana Mjomba

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mkeo pia, na presha yake imeshuka. Huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini yakishapata moto anatembea. Mdogo wangu amejifungua mapacha, wa kike wote wawili, na tangu wiki iliyopita hakuna aliyelala ndani ya nyumba hii isipokuwa wao wenyewe, tena mchana.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unajua kwamba huu ni mwaka wa nne ninatibu mbwa wa kikosi cha uokoaji. Tulikuwa na jike mmoja anaitwa Mpekuzi. Lile jengo la ghorofa nne lilipoanguka mwaka juzi, yeye ndiye aliyesimama juu ya kifusi na kukwaruza mpaka kucha zikatoka damu, na hapo chini wakatolewa watu saba wakiwa hai. Mwongozaji wake ni koplo mmoja mkimya, hazungumzi na watu kama anavyozungumza na mbwa wake.

Mwezi uliopita Koplo aliniletea Mpekuzi akiwa hawezi kukojoa. Anachuchumaa, anajikamua, yanatoka matone mawili. Kibofu kimejaa kama mpira. Nilijaribu kupitisha mpira wa mkojo, ukakwama karibu na mlango wa mrija. Picha ya eksirei haikuonyesha jiwe, lakini yapo mawe yasiyoonekana kwenye picha, wewe ndiye uliyetufundisha. Nikafungua kitabu chako, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Umeandika hivi: "Dume ana tezi dume inayozunguka mrija wa mkojo, nayo ikivimba huuziba. Mrija wa mkojo wa jike ni bomba tupu. Hauna tezi. Ukiziba, tafuta jiwe."

Nikatafuta jiwe. Nilimpasua tumbo, nikafungua kibofu, nikakisafisha mara tatu. Hapakuwa na hata punje ya mchanga. Siku ya tatu Mpekuzi akafa, kichwa kikiwa juu ya buti la Koplo.

Nilipomchunguza baada ya kufa, nilikuta kwenye ukuta wa mrija, karibu na pale unapofungukia ukeni, kifundo kikubwa kama kunde kimejaa usaha, kimeubana mrija wote. Usaha ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Nilikata kipande, nikakitia rangi, nikakiweka chini ya hadubini. Ni tezi, Mjomba. Kishada kizima cha tezi, na vijia vyake vinavyomwaga ndani ya mrija. Pembeni ya kile kishada kibovu kulikuwa na vingine viwili vizima, vimetulia kama alivyozaliwa navyo.

Bomba tupu! Nani alikwambia ni bomba tupu?

Mpwa wako.


19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata na hongera za mapacha zimfikie mdogo wako. Mke wangu anaendelea vizuri, ingawa dawa mpya zinamkausha mdomo. Huku wamepaka rangi jengo la chuo, rangi ya njano isiyopendeza, na mimi nimebakiwa na miezi sita nistaafu. Mchapishaji ameomba toleo jipya la kitabu litoke mwezi wa tisa, kwa hiyo nipo kwenye masahihisho mchana kutwa.

Nimesikitika kuhusu mbwa wako. Lakini nakusihi usiandike ukiwa na hasira, hasira haijawahi kutia rangi kioo cha maabara. Mbwa mmoja ni mbwa mmoja. Umeona kishada cha tezi kwa jike mmoja mgonjwa, tayari unataka nibadilishe kitabu ambacho madaktari wa nchi nzima wamekisoma. Ungejuaje kama hizo si tezi ndogo za ukumbi wa uke, ambazo nimeziandika vizuri tu ukurasa unaofuata? Zimesogea kwa uvimbe, basi.

Tena nikuulize jambo moja, daktari kwa daktari. Kabla ya kumpasua, ulitia kidole? Kidole kimoja chenye glavu, ndani ya uke, unapapasa sakafu yake pale mrija unapopita. Kifundo cha ukubwa wa kunde kidole kingekiona, kuwe na kitabu kusiwe na kitabu. Hilo nalo niliwafundisha.

Msalimie sana dada. Usimsumbue na habari hizi, aliacha mambo ya maabara kwa sababu ya miguu yake na hana haja ya kuyarudia.

Mjomba wako.


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mapacha wanaongezeka uzito. Wengine wote wazima.

Umesema nisimsumbue Mama. Nilisoma sentensi hiyo mara nne, nikajiuliza, kwa nini? Mama angesumbuliwaje na tezi za mbwa? Yeye ametumikia maabara yako miaka kumi na minne, amekata nyama nyingi kuliko mimi na wewe tukijumlishwa. Kabla wewe hujaingia chuoni kama mwanafunzi, yeye alikuwa pale anaosha vioo, na mashine ya kukatia nyama vipande vyembamba vya hadubini aliijua yeye kabla yako. Hayo umetusimulia mwenyewe, ukicheka.

Kwa hiyo nikamsumbua.

Alikuwa anakunja nepi za mapacha mezani. Nikamwekea mbele mchoro niliouchora wa kile kishada. Akautazama. Akaendelea kukunja nepi. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Vijia umevichora vinene mno. Ni vyembamba zaidi, na vinapinda kabla ya kuingia mrijani."

Nikamwuliza amejuaje.

"Nimevichora mimi."

"Lini?"

"Kabla hujaanza sekondari."

Nikavuta kiti. Ilibidi nimwombe sana, unamjua alivyo akishafunga mdomo. Alisema mlipokuwa mnaandaa kitabu ulimpa kazi ya kukata mirija ya mkojo ya majike, ili mthibitishe kuwa haina kitu. Akakata majike arobaini na mmoja. Kwa ishirini na sita aliona tezi: kwa wengine tatu nne tu, kwa wengine vishada. Akazichora zote kwa penseli, akakuletea. Ukamwambia ni mapovu kwenye nta inayogandishia nyama. Akakata upya, kwa nta mpya. Ukamwambia amekata upande. Akakata tena. Mara ya tatu, mbele ya wanafunzi, ukamwambia: "Kazi yako ni kukata, si kuona."

Akavua koti, akalitundika, akaja nyumbani.

Mimi nilikuwepo siku hiyo, Mjomba. Nilirudi kutoka shuleni nikamkuta mchana amekaa jikoni na viatu miguuni. Akaniambia ameacha kazi kwa sababu ya kusimama. Miaka kumi na tisa sote tumekuwa tukiamini ni miguu! Tumemkanda magoti kwa mafuta ya moto, tumemnunulia viatu laini, na wewe kila ukija unamwuliza, "Miguu inaendeleaje, dada?"

Uliwezaje kuuliza hivyo? Uliwezaje kumtazama usoni?

Mpwa wako.


14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua hapa ni nyingi na paa la chumba changu cha kazi linavuja juu ya kabati la vitabu. Fundi ameahidi kuja.

Dada ni mtu mzima sasa na miaka imepita mingi. Mtu akikaa na uchungu muda mrefu, kumbukumbu yake huanza kujitungia. Vioo vya hadubini vya vipande anavyosema alivikata havipo. Bila vioo hakuna ushahidi, na bila ushahidi mimi sibadilishi ukurasa.

Swali langu la kidole hukulijibu.

Mjomba wako.


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo yako hiyo, kwa kuwa nilifundishwa na mama yangu.

Nilikuandikia tarehe ishirini na mbili Aprili, hukujibu. Nikakuandikia tena tarehe tano, hukujibu. Nimempigia mkeo, amesema uko mzima na unakula. Kwa hiyo naandika mara ya tatu na safari hii utasoma mpaka mwisho.

Kwanza nijibu swali lako. Sikutia kidole. Glavu zilikuwepo, muda ulikuwepo, mbwa alikuwa ametulia. Sikutia kwa sababu kitabu kilisema hakuna cha kupapasa, na kitabu kimeandikwa na mjomba wangu, na tangu utoto nimekuwa nikitembea kifua mbele kwa ajili ya jina lako kwenye jalada lile. Niliamini karatasi nikaacha kuamini mkono wangu. Hilo ni kosa langu na nimelibeba. Koplo aliponiuliza kama Mpekuzi angeweza kupona, nilimwambia ukweli: ndiyo, angepona. Ningekipasua kile kifundo kwa chini, usaha ukatoka, na baada ya wiki mbili angekuwa kazini. Hakunitukana. Aliichukua kamba yake msumarini akatoka. Wamempa mbwa mwingine, amekataa. Siku hizi yuko stoo, anahesabu helmeti.

Sasa sikiliza upande wako.

Ulisema hakuna ushahidi. Nimeutengeneza. Manispaa huokota mbwa waliogongwa na magari, na nimewaomba waniletee majike kabla ya kuwafukia. Kufikia jana wamefika kumi na tisa. Mashine yangu ya kukatia ni kuukuu, inatafuna nyama badala ya kuikata, nikaharibu vipande vya kwanza vya majike watatu. Jumamosi Mama akaja kliniki kuniletea chakula. Alisimama nyuma yangu, akivuta pumzi kwa pua namna ile. Mwisho akashindwa.

"Kisu kimelala mno. Ondoka."

Akanisukuma kwa nyonga, akaketi. Akakinyanyua kisu kidogo tu, akapulizia ile nta kwa mdomo, akaanza kuzungusha. Mjomba, zilitoka kama utepe. Nyembamba unaweza kusomea gazeti. Miaka kumi na tisa hajashika mashine ya namna hiyo na hakuharibu hata kipande kimoja. Mimi nilisimama pale nalia kwa hasira, na yeye ananiambia nisidondoshee machozi vioo.

Amekuja kila siku tangu Jumamosi ile. Kati ya majike kumi na tisa, kumi na mmoja wanazo. Hazifanani na zile za ukumbi wa uke, ziko juu zaidi, ndani ya ukuta wa mrija wenyewe. Nimeambatanisha picha. Uziangalie kwenye mwanga.

Na ninakwambia wazi: toleo jipya likitoka na ukurasa ule ule, nitayapeleka haya chuoni kwako, kwa mkuu wa idara na kwa kila daktari ninayemjua, pamoja na kisa cha koti. Sitajali wewe ni nani kwangu.

Mpwa wako.


3 Julai

Mpwa wangu,

Mke wangu anawasalimu. Paa limetengenezwa. Sina habari nyingine za nyumbani.

Picha nimezitazama. Nilizitazama siku zilipofika, tena jana, tena leo asubuhi. Kabla sijafungua bahasha nilishajua nitaona nini.

Nitaandika hili mara moja tu. Siku ile dada alipoleta vioo mara ya tatu, palikuwa na wanafunzi kama kumi na wawili. Nilitupia jicho hadubini nikasema hakuna kitu. Dada akaniambia mbele yao, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniamshia nikiwa mdogo, "Mdogo wangu, inama utazame vizuri." Wanafunzi wakacheka. Hilo hakukwambia, nadhani kwa sababu hakuliona kuwa kosa, na halikuwa kosa. Lakini mimi nilikuwa nimeteuliwa mkuu wa idara juma hilo hilo, na kiburi kilikuwa kimenijaa mpaka kooni. Nikamwambia lile neno.

Wiki moja baadaye nilifunga mlango nikavikagua vioo vyake vyote. Kioo cha tatu kilitosha. Kitabu kilikuwa kwa mchapishaji, lakini hakijaanza kuchapwa. Palikuwa na muda, nisijidanganye. Kusahihisha ukurasa kulikuwa ni kwenda nyumbani kwa dada na kumwambia, "Ulikuwa sahihi, rudi." Nilivaa viatu niende. Nikavivua. Kisha nikavimwaga vile vioo kwenye pipa la vioo vilivyovunjika, na michoro nikaichana.

Ukaniuliza niliwezaje kumtazama usoni. Sikumtazama. Nilikuwa nikimwuliza habari za miguu nikitazama miguu.

Ni mbwa wangapi wamekufa kama Mpekuzi tangu hapo, sijui, na wewe usiniulize tena, kwa sababu ndilo swali ninaloamka nalo.

Nimeambatanisha ukurasa mpya kama nitakavyoupeleka kwa mchapishaji. Mwonyeshe dada. Una haki ya kunikasirikia, lakini vitisho vya kunipeleka kwa mkuu wa idara hukuvihitaji. Hilo nalo limeniuma.

Mjomba wako.


20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Pacha mmoja ameanza kucheka, mwenzake bado anatutazama tu kama askari wa zamu.

Kama vitisho vimekuuma, vikuume. Bila hivyo nisingepata hata mstari.

Barua yako nilimsomea Mama, maana alisema hataishika. Nilipofika kwenye pipa la vioo alinyanyuka akaenda uani, akafua shuka ambazo zilikuwa safi. Alirudi baada ya saa nzima, mikono imekunjamana kwa maji, akasema, "Malizia." Nikamalizia.

Ukurasa aliusoma mwenyewe, na miwani. Mimi nilishausoma nikachemka. "Uchunguzi mpya umebaini kwamba mrija wa mkojo wa baadhi ya majike una tezi ndogo. Mwandishi anamshukuru fundi wake wa zamani kwa msaada." Uchunguzi mpya! Msaada! Hata unapotubu unataka ukae kiti cha mbele?

Mama hakupiga kelele. Aliomba penseli. Kwanza akarekebisha anatomia: umeandika tezi zipo "pembeni", akaongeza "na chini, zaidi karibu na mlango". Kisha akakata ile sentensi ya shukrani, na ile ya uchunguzi mpya, akaandika chini kwa mwandiko wake wa lebo za chupa. Nakunakilia neno kwa neno:

"Tezi hizi zilionwa miaka kumi na tisa iliyopita na fundi wa maabara, dada wa mwandishi, kwa majike ishirini na sita kati ya arobaini na mmoja. Mwandishi alizikana. Jike asiyeweza kukojoa apapaswe kwa kidole kabla ya kupasuliwa."

Anasema yachapwe hivyo hivyo, pamoja na neno alizikana, au asitajwe kabisa. Usije na neno laini.

Mpwa wako.


2 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mke wangu alilazwa siku nne, karudi nyumbani jana, anaongea sana, ndiyo dalili ya kupona.

Mchapishaji alinipigia kuuliza kama lile neno ni kosa la chapa. Nikamwambia si kosa. Mkuu wa idara wa sasa naye alikuja ofisini kwangu, ni mmoja wa wale waliokuwa wakicheka siku ile. Alisoma ukurasa akiwa amesimama, akauliza, "Una hakika, mwalimu?" Nikasema nina hakika. Akatoka bila kuniaga. Hafla yao ya kuniaga imesogezwa mbele na tarehe mpya hawajanipa.

Kitabu kimetoka. Kimechapwa kama alivyoandika, hata koma zake. Nakala ya kwanza iko mezani hapa na sijaifungua. Ningependa kuileta mwenyewe, nimkabidhi dada mkononi. Nitapanda basi Ijumaa yoyote mtakayosema. Mwulize.

Mjomba wako.


10 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Tumefurahi mkeo karudi nyumbani. Mapacha wote wawili wanacheka sasa.

Juzi kikosi kiliniletea jike mwingine, mdogo, mwaka na nusu, ana siku mbili hakojoi. Nilivaa glavu nikapapasa. Kilikuwepo, ukubwa wa punje ya mahindi. Nilikipasua kwa chini, usaha ukatoka, na dakika kumi baadaye akakojoa sakafu nzima ya kliniki, akatulowesha viatu mimi na mwongozaji wake. Hakuna aliyeruka pembeni. Koplo bado yuko stoo. Nilimpelekea habari, akasema, "Vizuri, daktari," akaendelea kuhesabu.

Nimemwuliza Mama kuhusu Ijumaa. Alikuwa kwenye mashine, anakata. Alimaliza utepe, akaulaza juu ya maji ya vuguvugu, akaunyoosha kwa brashi mpaka ukakaa bila kunyanzi hata moja. Nilidhani hakunisikia. Nikamwuliza tena nikujibu nini.

Akasema, "Mwambie ukurasa umekaa sawa. Kitabu akitume kwa posta."

"Na mengine, Mama?"

"Mengine bado."

Mpwa wako.